Sehemu ya Pili Haikufika Kabambare

Jumamosi, 28 Septemba

Leo nimewasomea watu wa Kasongo maisha ya Jesse Owens, na sokoni hawajaniacha nipumue. Kipindi chetu cha redio kinaitwa Watu wa Mbio, kila Jumamosi saa kumi alasiri: mabingwa wa riadha wa Marekani, mmoja baada ya mwingine, kutoka kwenye kitabu kinene cha Kifaransa ambacho padre mmoja mzee alimwachia mkurugenzi wetu, Iliasi. Iliasi alikimbia mbio za mkoa zamani, na mpaka leo akitembea utadhani ameachwa nyuma na mtu. Yeye anachagua bingwa. Mimi nakifasiri kitabu na kukitia chumvi.

Nilisema Owens alipata dhahabu nne kule Berlin mwaka 1936. Nilipopita tu kwenye meza za samaki, Mama Véronique akaniita kwa sauti ya kuamsha wafu.

"Mwamvita! Dahabu ine! Ilikuwa gramu ngapi? Aliuzisha wapi?"

Ukikaa mkoa ambao kila nyumba ina mtu kwenye mashimo ya Salamabila, dhahabu ni kitu cha kupima. Nikamweleza kwamba ni medali, mtu hauzi, anaiweka. Akanitazama kwa huruma kabisa.

"Basi njo maana alirudi kwao akashindana na farasi. Kama hauuzishe, utakula nini?"

Kweli Owens alishindana na farasi ili apate riziki. Mume wangu Abdoul, ambaye anauza vitambaa na hupenda kunichokoza, anasema nyumba yetu ina redio mbili, na moja haina kitufe cha kuzima.

Redio yetu haifiki mbali. Kwa hiyo fundi wa studio hunakili kipindi kwenye kadi ya memori, na Fabrice, mwendesha pikipiki anayepeleka sabuni na chumvi Kabambare, huibeba mfukoni. Kule inachezwa kwenye kibanda cha kuchaji simu, na wanawake hukaa kusikiliza simu zao zikijaa. Mdogo wangu Hidaya hakosi. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa msichana mkubwa na yeye ndiyo kwanza anaota meno ya pili, nikamlea. Mpaka leo nikisema mvua itanyesha, Hidaya anaanua nguo bila kutazama juu.

Jumatatu, 30 Septemba

Mvua tangu alfajiri. Uani kwetu bata wamefurahi, binadamu hapana.

Jumamosi, 5 Oktoba

Bob Beamon, yule aliyeruka mbali sana kule Mexico mpaka chombo cha kupimia kikashindwa, wakatafuta utepe. Iliasi akatupimia uani mita nane na sentimita tisini kwa kamba. Fundi akajaribu kuruka, akaangukia kwenye matope kabla hata ya nusu. Tumecheka mpaka machozi.

Hidaya amepiga simu kunishukuru kwa kipindi cha Owens. Akampa simu mwanawe Safi, wa miaka minne, naye akasema tu, "Mama mukubwa," kisha nikasikia miguu ikitimka.

"Amekwisha kuenda, yaya," Hidaya akasema, kwa kuwa dada mkubwa kwake ni yaya tu. "Mutoto huyu hapana kutembea, anakimbia tu. Anakimbiza kuku mupaka kuku wanachoka."

Iliasi amenifundisha kitu wiki hii: usimalize hadithi. Waache watu na njaa, Jumamosi ijayo watarudi wenyewe.

Jumamosi, 12 Oktoba

Leo nimefanya kazi. Nasema mwenyewe, kwa kuwa Abdoul hatasema.

Wilma Rudolph. Baba yake alikuwa na watoto ishirini na wawili, na yeye ni wa ishirini. Alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo kama paka. Kisha magonjwa yakampanga foleni, na mwisho ukaja ule wa kupooza, polio, mguu wa kushoto ukalala. Nilipofika hapo nikapunguza sauti. Nikasema: waganga, madaktari wa kule, wakatikisa kichwa, wakasema huyu hatatembea. Mama yake akasema atatembea. Nyumba nzima ikashika ule mguu, mama na ndugu wakubwa, wakaukanda mara nne kwa siku, kila siku. Je, yule mtoto alitembea?

Hapo nikanyamaza. Fundi akafungulia muziki.

Nilipotoka, mlinzi wa lango alikuwa amesimama na redio yake ndogo sikioni. "Mama, nielezee miye peke yangu," akasema. "Sitamuambia mutu." Nikamwambia Jumamosi. Nimerudi nyumbani kichwa juu kama bibi harusi.

Jumanne, 15 Oktoba

Radi imepiga mnara wa redio. Kifaa cha kurushia kimeungua, harufu yake imejaa studio. Iliasi amekaa kwenye ngazi kama mfiwa. Kifaa kingine kipo Kindu, tukibahatika.

Alhamisi, 17 Oktoba

Fabrice ameondoka kwenda Kabambare na sehemu ya kwanza ya Wilma. Nilimwambia asubiri ya pili, akacheka. "Mama, njia inaoza. Nisipoenda leo, sitaenda tena mupaka Bonane, mwaka mupya." Ana haki yake. Nimempa na kanga ya Hidaya.

Jumamosi, 19 Oktoba

Hakuna redio. Mji umekuwa kimya, naona haya kukiri kwamba nakipenda kimya hiki. Nikitoka tu naulizwa: alitembea? Mwalimu wa Kurani ameniuliza. Mama Véronique ameniahidi samaki mzima nikimwambia. Nimekataa. "Subirini," nawaambia, "mwenye subira hula mbivu." Abdoul anasema nimekuwa mkubwa kuliko gavana.

Jumatano, 23 Oktoba

Hidaya amepiga. Safi ana homa tangu juzi, amepigwa sindano ya kwinini pajani. Nikamwambia amnyweshe maji, amfunike shuka iliyolowa. Homa ya watoto wakati wa mvua si habari. Rezo ya simu ikakatika.

Ijumaa, 25 Oktoba

Hakuna rezo Kabambare. Nimemwombea Safi baada ya swala.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nilikuwa nachambua mchele, simu ikalia, namba ya Hidaya. Nikauliza habari za mtoto.

"Homa imekwisha, yaya. Lakini muguu ya kuume inalegea sawa kamba. Namusimamisha, anaanguka. Watu wanasema ile sindano njo iliua muguu."

Nikasema: Hidaya, mpeleke hospitali leo. Leo hii.

"Hapana kuogopa, yaya. Miye siogope. Nilisikia hadisi yako." Na sauti yake, Mungu wangu, sauti yake ilikuwa na furaha. "Siku ile Fabrice alileta kadi, mutoto iko na homa mugongoni mwangu, nasikiliza. Nikawaza: huyu mama wa Amerika ni miye. Wanganga walisema hapana, mama akasema ndiyo. Namukanda mara ine kwa siku, maji ya moto na mafuta ya ngazi, ya mawese. Nilianza siku ileile muguu ililegea, homa ingali inawaka. Na asubui namushika mikono, tunatembea mupaka kwenye kisima. Analia, lakini simuache. Yule wa kwako pia alilia, sivyo?"

Nikasema, sikiliza Hidaya, hadithi haijaisha, kuna sehemu ya pili.

"Najua. Atatembea," akasema. "Kama sivyo, usingeianzisha."

Nikaanza kueleza. Kwamba wale waganga hawakukataa tu, ndio waliomfundisha mama yake namna ya kumkanda. Kwamba mama alimpandisha mtoto basi kila wiki kwenda hospitali ya mji mwingine. Kwamba mtoto alivaa chuma cha kuushikilia mguu kwa miaka. Nilipomuuliza kama ananisikia, simu ilikuwa imeshakufa, sijui ilikufa tangu lini. Nilikuwa naliambia sanduku tupu.

Nimepiga mpaka Abdoul akaninyang'anya simu mkononi. Hajanichokoza leo. Amekaa karibu nami tu, na hilo ndilo limenitisha.

Jumanne, 29 Oktoba

Nimempigia. Hakuna.

Jumatano, 30 Oktoba

Hakuna. Nimerekodi ujumbe wa sauti, sehemu ya pili yote, polepole, kama ninavyosoma redioni. Haujaondoka kwenye simu yangu.

Alhamisi, 31 Oktoba

Bado haujaondoka. Mvua.

Jumamosi, 2 Novemba

Nimekwenda hospitalini kwa Victoire. Ni mkandaji wa viungo, mwanamke mrefu mwenye mikono mikubwa, tulisoma pamoja kwa masista. Nilimweleza kila kitu, na mafuta ya ngazi, na kisima. Alikuwa anakunja mashuka. Nilipofika kwenye kisima akaacha kukunja.

"Analazimisha mutoto kutembea na homa ndani?"

Nikasema ndiyo.

"Mwamvita, ule ugonjwa wa kupooza, siku za kwanza hapana kukanda, hapana kutembeza. Mutoto analala tu. Kupumuzika njo dawa, hakuna ingine. Kukanda kunakuja kisha, homa ikiisha kabisa, maumivu ikiisha. Mbele ya pale, kila kitu unachochosha ule muguu kinaweza kuongeza ubaya."

Kinaweza, nikamuuliza, au kinaongeza? Akasema hakuna anayejua. Pengine mguu ulikuwa umekwisha kuchukuliwa tangu usiku wa kwanza. Pengine ungebaki nusu. Aliuliza kama Safi alipata matone ya chanjo. Nikakumbuka Hidaya aliwahi kunieleza: wachanjaji walipita wakati wao wako mbali kwenye shamba la mpunga. Victoire akaandika, akasema atawajulisha wenzake wa Kabambare ili mtoto apimwe na watoto wa jirani wachanjwe. Hilo ameweza kufanya yeye. Mimi sikuweza kufanya lolote ila kuuliza swali lilelile mara tatu.

Nilirudi kwa njia ya sokoni kwa kusahau. Mama Véronique akaniuliza kama yule mtoto wa Amerika alitembea. Nilimjibu vibaya, mbele ya wateja wake. Hakustahili.

Jumatano, 6 Novemba

Nilitaka kwenda mwenyewe. Abdoul alisema niache aende yeye, nikamwambia Hidaya hatamsikiliza mtu ila mimi, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Tukaondoka alfajiri mimi na Fabrice, nikiwa nimevaa mabuti ya Abdoul na gunia la plastiki mabegani.

Fabrice hana maneno mengi akiwa kwenye pikipiki. Alisema tu, "Mama, shika miye, usishike begi." Tulianguka mara nyingi mpaka nikaacha kuhesabu. Palipokuwa na matope ya kiuno nilishuka nikasukuma pamoja naye, na wanaume waliokuwa wakipita na baiskeli za mawese walitusaidia bila kuulizwa. Mchana tukafika kwenye mto mmoja mdogo ambao kiangazi watoto wanaoga humo. Magogo ya daraja hayakuwepo. Maji yalikuwa mekundu, yanapita na migomba mizima mizizi juu.

Ng'ambo kulikuwa na watu wamekaa kama sisi. Mwanamke mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, na kwa kitambo nilidhani ni Hidaya. Nikapiga kelele jina lake. Fabrice akaniambia kwa upole kwamba si yeye. Hata angekuwa yeye, ningefanya nini? Yapata mita thelathini za maji, na sauti yangu, inayosikika Kasongo nzima, haikuvuka.

Nikamwomba Fabrice tukae mpaka maji yapungue.

"Mama, haya maji hayana mukubwa wao. Yanaweza kupungua kesho, yanaweza kupungua mwezi ujao. Na kule mbele wanasema kuna watu wa bunduki wanasimamisha moto, kila pikipiki. Nikikupoteza, papa Abdoul nitamuambia nini?"

Nilikaa kwenye jiwe nikalia kwa sauti, na watu wakaniheshimu, wakatazama pembeni. Kisha tukarudi.

Alhamisi, 7 Novemba

Mwili wote unauma. Ujumbe bado haujaondoka.

Jumatatu, 11 Novemba

Ndoto: natia maji kwenye kikapu.

Jumatano, 13 Novemba

Kifaa kimefika kutoka Kindu. Iliasi amekuja mwenyewe kunipa habari, mbio, na jasho, akacheka peke yake. Nilimpongeza.

Jumamosi, 16 Novemba

Redio imerudi. Nimesoma sehemu ya pili ya Wilma bila chumvi: basi, hospitali, waganga wanaomfundisha mama kukanda, chuma, miaka. Nikasema, na hili halimo kitabuni, kwamba mtoto mwenye homa akilegea mguu apumzishwe na apelekwe hospitali siku ileile, asikandwe, asitembezwe. Nikarudia. Iliasi alikuwa upande wa pili wa kioo ananionyesha saa. Nikarudia tena.

Ndipo nikasema kwamba alitembea, kisha akakimbia, kisha kule Roma, mwaka 1960, akachukua dhahabu tatu. Nje ya studio watu walishangilia. Nilisikia vigelegele mpaka kwenye nyumba za nyuma ya msikiti. Ni hilo tu walilolisikia. Mlinzi wa lango akanishika mikono miwili. "Nilijua, mama! Nilijua tu!"

Hakuna aliyeniuliza neno la hospitali. Kwa nini waulize? Nimewafundisha mwenyewe kusubiri mwisho.

Na mawimbi yetu yanaishia vilimani. Kabambare hawakusikia kitu.

Jumanne, 19 Novemba

Mama Véronique ameleta samaki nyumbani mwenyewe, kwa ajili ya habari njema ya yule mtoto. Nilimwomba radhi kwa siku ile. Nikampikia chai, nikamweleza habari za Safi. Aliiacha chai ikapoa mbele yake.

"Wangu njo alikufa na surua," akasema mwishoni. "Na miye niliambiwa fanya hivi, nikafanya. Aliniambia mama yangu mwenyewe."

Nilikuwa namwona ni mdomo mtupu. Hata sijui tangu mwaka gani nanunua samaki kwake.

Jumamosi, 23 Novemba

Glenn Cunningham. Miguu iliungua moto utotoni, waganga wakataka kuikata, akapona akawa bingwa wa maili. Nilisoma kama mtu anayesoma bei. Iliasi ameniuliza kama naumwa.

Jumapili, 24 Novemba

Bulaimu, mume wa Hidaya, amepiga kutoka Salamabila, kutoka kwenye kilima ambako rezo hushika. Anachimba huko tangu Julai. Naye habari alizipata kwa mtu tu. Alikuwa analia, na shemeji yangu huyu nilimjua kwa mikogo na miwani ya jua.

"Shemeki, njia imefungwa. Nikitoka hapa wananikamata, wanasema miye ni wa upande ule. Nakaa sawa mwanamuke. Muambie Hidaya aendelee kukanda. Wanasema kuna mutoto wa Amerika alipona hivyo."

Hata kwenye mashimo hadithi yangu imefika. Nikamwambia ukweli wote, haraka, kabla rezo haijakatika. Alisikia. Akasema, "Basi tumuachie Mungu." Kisha: "Hidaya usimuambie, shemeki. Itamuua."

Jumamosi, 30 Novemba

Nimemwambia Iliasi nimepoteza sauti. Kipindi amesoma yeye, kwa mbio.

Jumanne, 3 Desemba

Wamefika.

Nilisikia pikipiki, sikutoka, kwa kuwa nimeshatoka kwa pikipiki nyingi mno. Kisha Abdoul akaniita kwa sauti ambayo si yake. Fabrice alikuwa amesimama mlangoni, amejaa matope mpaka kope. Maji yalipungua siku mbili, akavuka, akaenda kuwachukua bila kuniambia ili nisitarajie bure. Hidaya alikuwa nyuma yake, na Safi katikati yao, amefungwa kwa kanga ile niliyoituma.

Amekonda, mdogo wangu. Lakini alikuwa anacheka. Alimfungua mtoto, akamweka chini kwenye mkeka, akaniambia, "Yaya, angalia kwanza! Usimubebe, angalia!"

Safi akashika ukingo wa kiti. Akajivuta. Akasimama kwa mguu wa kushoto, na ule wa kuume ukaning'inia, mwembamba, unyayo umegeukia ndani, kama si wake. Akaruka hatua mbili na kiti anakisukuma. Jasho lilimtoka. Akaniangalia kama mtu anayesubiri kupigiwa makofi.

Nikapiga makofi. Abdoul akapiga makofi. Fabrice akatoka nje.

"Yule wa Amerika alikawia miaka ngapi?" Hidaya akauliza. "Kadi ya pili haikufika. Nilisema na watu wa kibanda: yaya yangu atanielezea mwenyewe."

Alhamisi, 5 Desemba

Victoire amempima Safi nusu ya asubuhi. Alicheza naye, akamfurahisha, akamgonga goti kwa kirungu kidogo, likakaa kimya. Matokeo ya vipimo vya Kabambare yamerudi, ni ule ugonjwa wa kupooza. Kisha akamtuma Hidaya akaoshe mtoto, akabaki nami.

"Misuli ya paja kidogo iko, nitaifanyia kazi. Chini ya goti hakuna kitu. Huko hakutarudi." Akasema Safi atahitaji chuma. Chuma cha mtoto hakitengenezwi hapa. Labda Kindu, labda Bukavu, na njia ya Bukavu siku hizi kila mtu anajua. Na akikua, chuma kinabadilishwa, na kingine, na kingine.

Nikamuuliza tena lile swali langu. Wangemlaza tu siku zile, angekuwaje?

"Mwamvita, nilikuambia. Sijui. Hakuna mutu duniani anajua." Akanishika bega kwa ule mkono mkubwa. "Mama yake sijamuambia kitu ya zile siku za kwanza. Wewe njo ndugu, utaona kama ni wa kuambiwa. Lakini kuanzia leo akandwe, na atembezwe. Sasa njo wakati. Mara ine kwa siku, hata zaidi. Kama hakandwi, ule muguu utakauka, utapinda, hata chuma kitakataa."

Nilidhani nimemsikia vibaya. Nikamwambia arudie. Akarudia.

Jumamosi, 7 Desemba

Bingwa wa leo aliyechaguliwa na Iliasi ni Ray Ewry, wa zamani sana. Alipooza utotoni, akaketi kwenye kiti cha magurudumu, akafanya mazoezi, akaja kushinda michezo ya kuruka bila kukimbia. Niliufungua ukurasa, nikamwambia Iliasi sisomi.

Akauliza kwa nini, kisa kizuri hivyo.

Nikamwambia: hiki kitabu chako kina kurasa mia nne, na hakuna hata ukurasa mmoja wa mtoto ambaye mguu wake haukurudi. Wako wapi hao? Tennessee alipozaliwa Wilma hawakuwepo wengine wodini, mama zao wakiwakanda? Nao walikanda. Nao walisema ndiyo. Hawakuandikwa kwa sababu walikaa walipokaa. Nilikuwa napiga kelele. Hasira zangu si zake, najua, na yeye alijua. Akachukua kitabu, akasoma yeye.

Nyumbani niliwakuta Hidaya na Safi wameketi mbele ya redio. Wamemsikia Ewry mpaka mwisho. Macho ya Hidaya yalikuwa yanang'aa.

"Wawili, yaya," akaniambia. "Kumbe hata mwanaume mumoja alipona."

Jumatatu, 9 Desemba

Nilikusudia kumwambia leo. Asubuhi alikuwa anafua. Mchana alilala. Jioni alimsuka Safi nywele, akiimba wimbo wa mama yetu, nami nikaenda kuangalia bata.

Jumatano, 11 Desemba

Mvua. Sikumwambia.

Alhamisi, 12 Desemba

Asubuhi kulikuwa na jua. Tulitandika mkeka uani, Safi akalala chali na muhogo wa kuchoma mkononi. Victoire alikuwa ametufundisha namna: kuanzia juu, kushuka, kiganja kizima, kisha kukunja na kukunjua goti, kisha unyayo, taratibu, kuurudisha mahali pake. Hidaya alishika paja, mimi nikashika chini ya goti. Ngozi yake ni baridi pale hata juani. Nilikanda, na nyama haikunijibu.

Hidaya alikuwa anafanya vizuri kuliko mimi. Mikono yake imeshazoea. Akanisahihisha mara mbili.

"Victoire alinishangaa," akasema. "Alisema mikono yangu inajua kazi. Nikamuambia, nilianza zamani, siku ileile, sikungoja mutu."

Nilisema mh.

"Kule Kabambare kulikuwa mutoto mwingine, wa nyuma ya kanisa. Mama yake alimulaza tu, anamuangalia, analia. Miye nilimuambia: wewe mama gani?" Akaendelea kukanda. Kisha mikono yake ikapunguza mwendo, na akaniangalia usoni, na nikamwona vile alivyokuwa akiniangalia akiwa mtoto, akiniletea daftari la shule nilitazame kabla ya mwalimu. "Yaya. Nilifanya muzuri, sivyo? Tangu mwanzo?"

Safi alikuwa anatafuna, anatuangalia, mmoja baada ya mwingine.

Nilikuwa nayo maneno yote. Nilikuwa nimeyapanga tangu Alhamisi iliyopita, kwa mpangilio, kwa upole, kama nipangavyo kipindi. Ningemwambia angejua ukweli, nami ningelala. Na kesho alfajiri angeushika mguu huu kwa mikono ya namna gani? Angeushika kweli? Chini ya goti hakuna kitakachorudi, niseme nisiseme. Kilichobaki ni paja, na mikono yake, na ile imani aliyoipata kwangu.

"Ulifanya muzuri," nikamwambia. "Tangu mwanzo."

Akapumua, akacheka, akainamia kazi. Nami nikaendelea kuukanda unyayo, nikiurudisha mahali pake, na kila nikiuachia unageuka tena ndani.